Anga la Dodoma na Ufundi wa Kutazama Nyota

Dodoma ipo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Mahali hapo pamempendelea mtazama nyota. Mkazi wa Ulaya hazioni kamwe nyota nyingi za kusini, na mkazi wa Australia hazioni nyingi za kaskazini. Mkazi wa Dodoma huziona karibu zote, mradi awe na subira ya mwaka mmoja. Mwezi Mei, kati ya saa mbili na saa nne usiku, Msalaba wa Kusini huwa upande mmoja wa anga na Dubu Mkubwa upande wa pili, na mtu akigeuka tu huviona vyote viwili. Katika nyota mashuhuri, Nyota ya Kaskazini peke yake ndiyo inayokosekana, kwa kuwa hubaki chini ya upeo.

Hali ya hewa nayo inasaidia. Uwanda huu una msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haizidi sana milimita 600. Miezi inayobaki ni kiangazi. Mei, Juni na Julai ndiyo miezi bora ya kutazama: mvua imekwisha, usiku ni wa baridi, hewa ni kavu na vumbi bado halijapanda. Kuanzia Agosti upepo huliinua vumbi la mashamba yaliyokauka, moshi wa majani yanayochomwa huongezeka, na nyota zilizo karibu na upeo hufifia.

Wakulima wa Afrika Mashariki walilisoma anga hili zamani sana, kabla ya kalenda za ukutani. Alama yao kubwa ilikuwa Kilimia, kishada kidogo cha nyota zilizosongamana. Katikati ya Novemba Kilimia huchomoza mashariki jua linapotua, wakati ambapo mkulima wa Dodoma anatazamia mvua na shamba linapaswa kuwa tayari. Msimu wote wa mvua huonekana jioni, mawingu yakiruhusu. Mwanzoni mwa Mei humezwa na mwanga wa machweo upande wa magharibi, mtama na uwele ukikaribia kuvunwa, kisha mwezi Juni hurudi mashariki wakati wa alfajiri, kiangazi kikiwa kimeshika.  Kusoma anga kwa ajili ya tarehe hakujakoma pia: Shaabani inapokwisha, Waislamu wa Dodoma, kama wenzao wa pwani, hutoka jioni kuutafuta mwezi mwandamo.

Kifaa cha kwanza cha ufundi huu ni jicho, na jicho linahitaji muda. Mboni hupanuka kwa sekunde chache tu gizani, lakini kemikali inayoliwezesha jicho kuona mwanga hafifu hujijenga polepole, na kazi hiyo huchukua dakika 20 hadi 30. Anayetoka ndani penye taa huona nyota kadhaa na kudhani ndizo zote. Akivumilia, nyota huongezeka, na penye giza la kweli hufika 2,500 hivi kwa wakati mmoja. Kuitazama simu mara moja tu hubomoa sehemu kubwa ya matayarisho hayo. Kwa sababu hiyo watazamaji hufunika tochi zao kwa kitambaa au karatasi nyekundu, kwani mwanga mwekundu hafifu hauliathiri sana jicho lililozoea giza.

Hatua ya pili ni kujifunza kutazama kando. Katikati ya jicho, tunapotumia kusoma, seli za kuona gizani hakuna, zimejaa pembeni. Mfano mzuri ni Omega Centauri, inayoonekana mwezi Juni juu ya Msalaba wa Kusini, kushoto kidogo kwa mtu anayeelekea kusini. Kwa macho matupu ni nyota yenye ukungu. Ikikaziwa macho hufifia. Macho yakisogezwa pembeni kidogo hurudi na kuonekana pana zaidi. Darubini ndogo ya macho mawili huonyesha doa la duara lenye chembechembe, na doa hilo ni mkusanyiko wa nyota zipatazo milioni 10, ulio umbali wa miaka nuru 17,000 hivi. Mtu akishajua kuiona, hujua pia kuona vitu vingine vyote hafifu, kwa kuwa mbinu ni ileile.

Hatua ya tatu ni kujua ratiba. Mwanzoni mwa Juni Msalaba wa Kusini hufika kimo chake cha juu saa mbili na nusu usiku. Katikati ya Julai, karibu saa tano usiku, kundi la Nge na kitovu cha Njia Nyeupe huwa juu kabisa, karibu na utosi. Wakazi wa nchi nyingi za kaskazini hukiona kitovu hicho chini karibu na upeo, au hawakioni kabisa. Dodoma kinasimama zaidi ya nyuzi 65 juu ya upeo, na mistari myeusi ya vumbi la angani inayokikata huonekana bila kifaa chochote. Februari, mawingu yakiachana, kundi la Jabari hupita karibu utosini, nyota za Shira na Suheli ziking'aa upande wa kusini wake.

Haya yote yanategemea giza, na giza huondolewa na taa zilizowekwa vibaya. Taa isiyo na kofia hutupa sehemu ya mwanga wake pembeni na juu. Mwanga huo hugonga molekuli za hewa na chembe za vumbi, kisha hutawanyika na kurudi chini, kama vumbi la barabarani linavyong'aa mbele ya taa za lori. Matokeo yake ni utando wa mwanga juu ya mji, na nyota iliyo hafifu kuliko utando huo haionekani tena. Rangi ya taa pia ina uzito. Taa nyingi za LED nyeupe zina mwanga mwingi wa buluu, na hewa hutawanya buluu zaidi ya manjano. Kwa hiyo taa yenye kipimo cha rangi cha kelvini 4,000 au zaidi hulichafua anga kuliko ya kelvini 2,700 inayomulika kwa kiasi kilekile.

Uchafuzi huu unakua haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science, uliotokana na taarifa za watu wa kawaida waliolinganisha anga lao na ramani za nyota kati ya 2011 na 2022, ulionyesha kwamba mwangaza wa anga uliongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 huona 100 tu anapofikisha miaka 18. Taarifa nyingi zilitoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Za Afrika zilikuwa chache.

Dodoma imeingia katika safari hiyo. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi zaidi ya 410,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, barabara za mzunguko zimechorwa nje ya mji, na kila barabara mpya huja na nguzo zake za taa. Taa hizo zinahitajika. Mwanamke anayerudi kutoka kazini usiku na dereva wa bodaboda wana haki ya kuona njia. Lakini taa kali inayompiga mtu usoni humficha vitu vilivyo kivulini, ilhali taa yenye kofia huupeleka mwanga wote barabarani. Kwa hiyo usalama, bili ya umeme na anga vyote hunufaika na taa moja iliyochaguliwa vizuri: iliyofunikwa juu, yenye rangi ya joto, isiyozidi nguvu inayotakiwa, na inayopunguzwa usiku wa manane magari yanapokwisha. Mwenye duka au nyumba anaweza kuanza leo kwa kuinamisha taa ya geti imulike chini.

Jiji linalojengwa sasa lina bahati kuliko lililokwisha kujengwa, kwa sababu kubadili sharti la zabuni ni rahisi kuliko kubadili maelfu ya nguzo. Nje ya jiji, giza bado lipo. Nyika za Bahi upande wa magharibi na vilima vya Kondoa, kwenye michoro ya miambani ya Kolo iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni mahali panapoweza kupokea wageni usiku kama panavyowapokea mchana. Namibia imeonyesha njia: hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la giza, na giza lake likawa sehemu ya utalii.

Tanzania pia ina watu waliolibeba somo hili. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ameandika kwa miaka mingi kuhusu anga kwa wasomaji wa magazeti, na kupatwa kwa jua kwa Septemba 1, 2016, lilipoonekana kama pete, kuliwakusanya watu wengi Rujewa mkoani Mbeya. Hamu hiyo haihitaji kusubiri tukio adimu. Kilimia chenyewe ni kipimo kizuri. Penye giza, jicho zima huhesabu nyota sita au zaidi ndani yake. Penye taa nyingi hubaki tatu au nne, au ukungu tu. Wanafunzi wa Dodoma wakizihesabu kila Novemba katikati ya mji, Mtumba na Hombolo pembezoni, na kuandika walichoona, jiji litakuwa na rekodi yake lenyewe ya giza lake, na wanaopanga taa watajua mapema kama wanachagua vyema.