Sampuli za Hip-hop na Somo la Takhmisi

Tulipofundishwa utungo wa takhmisi mwaka wetu wa pili, hapa chuoni Kampala, mwenzetu mmoja aliuliza swali lililotuchekesha: "Mwalimu, sasa huyu si ameiba shairi la mwenzake?" Mwalimu hakucheka. Alimrudishia swali: "Ameficha kwamba si lake?" Mimi nilinyamaza, kwa kuwa wiki hiyohiyo nilikuwa nimewasilisha insha iliyodai kwamba maprodyuza wa hip-hop wa Marekani ni wezi wa nyimbo za watu. Nilipata alama nzuri, lakini tangu siku ile sikuwa na amani na insha yangu. Makala haya ni jaribio la kuisahihisha.

Katika takhmisi, mtunzi huchukua mishororo miwili ya mtangulizi wake na kuitanguliza kwa mitatu yake mwenyewe, ubeti ukawa na mishororo mitano. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyolitendea shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Hakulibadilisha, na jina la Liyongo limebaki katika anwani. Msomaji anaona wazi kipi ni cha nani, na anaweza kupima kama nyongeza inastahili kukaa pamoja na asili.

Sampuli ina mwenendo unaofanana na huo. Prodyuza huchukua kipande cha wimbo uliokwisha kurekodiwa, pengine sekunde chache za gitaa au sauti, akakikata na kukirudiarudia mpaka kikawa biti, kisha rapa akaweka mistari yake juu. Hoja yangu ni kwamba kuchukua peke yake si kosa wala si sifa. Tunapaswa kuuliza maswali mawili: kimeongezwa nini, na nani ametajwa?

Tuanze na swali la kwanza. Mwaka 1997, baada ya rapa The Notorious B.I.G. kuuawa, Puff Daddy alitoa "I'll Be Missing You", wimbo wa maombolezo uliojengwa juu ya gitaa la "Every Breath You Take" wa kundi la The Police (1983). Wimbo wa awali ni wa mtu anayemchunga mpenzi aliyemwacha, hatua kwa hatua, kwa wivu unaotisha. Puff Daddy anauchukua karibu mzima, mpaka kiitikio kinachoimbwa na Faith Evans, mjane wa marehemu, kinafuata melodia ileile. Huzuni ni ya kweli na inasikika. Lakini ule wivu wa wimbo wa zamani haujajibiwa popote. Umefunikwa tu. Nikiupima kwa kipimo cha takhmisi, nasikia mishororo miwili ya mtangulizi ikibeba ubeti mzima, na ile mitatu mipya ikiegemea.

"Hard Knock Life" wa Jay-Z (1998) ni jambo jingine. Prodyuza The 45 King alichukua sauti za watoto kutoka katika "Annie", tamthilia ya muziki iliyoanza Broadway mwaka 1977, ambamo mayatima wa New York wanalalamikia maisha yao. Juu yake Jay-Z, aliyekulia katika nyumba za umma za Marcy huko Brooklyn, anasimulia njia yake ya kutoka mtaani. Hapa vipande viwili vinasemezana. Malalamiko ya jukwaani, yaliyokuwa burudani ya familia, yanapata uzito wa mtaa halisi. Naye rapa mwenye majigambo anakumbushwa na sauti za watoto kwamba naye alikuwa mtoto. Nikirudi kuusikiliza wimbo wa "Annie" leo, siwezi tena kuusikia kama zamani. Hiyo ndiyo nyongeza.

Wimbo ulionisumbua zaidi ni "Through the Wire" wa Kanye West (2003). Baada ya ajali ya gari ya mwaka 2002, taya lake lilifungwa kwa waya, naye akarekodi hali waya ungali mdomoni. Alichukua "Through the Fire" wa Chaka Khan, ambao unazungumzia kuvumilia moto kwa ajili ya penzi, na kwa kubadilisha neno moja la anwani moto ukawa waya. Ni ubunifu ambao mwalimu yeyote wa ushairi angeusifu. Hata hivyo, Kanye aliiharakisha rekodi mpaka sauti ya Chaka Khan ikawa nyembamba kama ya mtoto, na mwimbaji huyo amesema hadharani kwamba jambo hilo lilimkera.

Hapa ulinganisho wangu unafikia mpaka. Mshororo ulioandikwa unaweza kunakiliwa bila kumgusa mwenyewe, lakini sauti ni sehemu ya mwili wa mtu. Sayyid Abdallah hakuhitaji kuigeuza sauti ya Liyongo.

Ndipo lije swali la pili. Tangu hukumu ya mwaka 1991 dhidi ya rapa Biz Markie mahakamani New York, hakuna prodyuza mkubwa wa Marekani anayeweza kujisingizia kwamba hajui wajibu wa kuomba ruhusa. Lakini sheria haitaji watu wote. Gitaa ninalolisikia katika "I'll Be Missing You" lilipigwa na Andy Summers, aliyebuni mpigo ule. Mtunzi pekee aliyeandikishwa wa wimbo wa The Police ni Sting, kwa hiyo mrabaha wa utunzi ulikuwa ukimwendea yeye. Kwa upande mwingine, albamu ya kwanza ya De La Soul, ya mwaka 1989, iliyojaa sampuli nyingi, haikupatikana katika majukwaa ya muziki ya mtandaoni hadi 2023, na haki za sampuli hizo zilikuwa miongoni mwa vikwazo. Mwenye fedha hununua wimbo mashuhuri mzima. Asiye nazo hubaki na ubunifu usioweza kuuzwa.

Kwa hiyo nafuta neno "wezi" katika insha yangu ya zamani, ila siweki "mashujaa" mahali pake. Lile swali la mwenzetu halikustahili kuchekwa, na jibu la mwalimu lilikuwa nusu ya jibu. Kutoficha ni mwanzo. Baada ya hapo msikilizaji ana kazi ya kutega sikio, aujue wimbo wa kwanza, amtafute aliyepiga gitaa, kisha aamue kama ile mishororo mitatu mipya imestahili kukaa mbele ya miwili ya mtangulizi.