Lango la Kanisa la Arles

Katika mji wa Arles, kusini ya Ufaransa, liko kanisa la mawe liitwalo Saint-Trophime. Zamani lilikuwa kanisa kuu la askofu mkuu. Mwaka 1152 yaliletwa humo masalio ya Mtakatifu Trophimus, ahesabiwaye kuwa askofu wa kwanza wa mji huo. Na mwaka 1178 Kaisari Frederick Barbarossa alivikwa taji humo kuwa mfalme wa Arles. Lakini mwaka 1801 kiti cha askofu mkuu kiliondolewa, likabaki kanisa la parokia. Je, heshima yake iliondoka pamoja na kiti? Na tuitazame kazi ya mafundi.

Kanisa hili ni la ujenzi wa Kiromaneski, yaani wa kuta nene na madirisha madogo. Lango lake lilichongwa katika karne ya 12, kwa mfano wa tao la ushindi la Warumi, ambao majengo yao yangali yasimama mjini. Juu ya mlango Kristo ameketi katika enzi, naye amezungukwa na alama za Wainjilisti wanne: mtu, simba, ng'ombe na tai. Chini yake wameketi Mitume 12. Kuumeni kwake waja waliookolewa, wamevaa nguo zao; kushotoni waenda waliohukumiwa, uchi, wamefungwa mnyororo mmoja. Hata asiyejua herufi aliweza kuisoma hukumu hiyo kabla ya kuvuka kizingiti.

Wengine hulaumu kwamba ndani ni giza na pakavu. Kweli, ukumbi wa kati ni mwembamba, nao wapanda juu kadiri ya mita 20, wala hauna nakshi nyingi. Mimi sioni kuwa ni umaskini. Mtu aliyekwisha kufundishwa mlangoni ahitaji mahali pa utulivu apate kusali.

Nalionalo kuwa kosa ni sehemu ya altare, iliyojengwa upya katika karne ya 15 kwa namna ya Kigothiki. Ni kazi njema peke yake, lakini haipatani na ukumbi ule mzito. Mtu hudhani ameingia nyumba ya pili.

Hata hivyo lango lingali likifanya kazi yake. Walipita hapo maaskofu wakuu, na leo hupita watu wa parokia; wote huingia chini ya hukumu ile ile. Basi cheo kiliondolewa, bali fundisho limebaki.