Heko, mafundi wa AC wa Kanduyi

Kanduyi ni njia panda. Malori yanayoelekea Malaba, matatu za Mumias na magari ya watu binafsi hupita hapa, na yakiharibika huishia mikononi mwa mafundi wa jua kali. Miongoni mwao, wale wa AC wanastahili heko ya pekee.

Kompresa ndiyo husukuma gesi katika mfumo mzima. Ikikwama, humwaga chembe za chuma ndani ya mabomba. Fundi wa kulipua kazi hufunga mpya juu ya uchafu huo, nayo hufa mapema. Fundi hodari huosha mabomba, hubadilisha kichujio cha unyevu, hupima oili kama mtengenezaji alivyoagiza, kisha huvuta hewa yote kwa pampu, nusu saa au zaidi, na kungoja aone kama geji itasogea. Ikitulia, ndipo anatia gesi, kwa uzani, si kwa kukisia.

Nawapongeza zaidi wasiomuuzia mteja kompresa asiyoihitaji: mara nyingine kosa ni fyuzi, klachi au oringi tu. Pia wanaokusanya gesi kuukuu badala ya kuiachia hewani, kwani gesi ya AC iitwayo R-134a hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito uleule.

Nasi wenye magari tutimize wajibu: tuwashe AC dakika kumi kila wiki, hata msimu wa mvua, ili oili izunguke na sili zisikauke. Na fundi akimaliza kazi, tumlipe bila kumzungusha.