Mikono ya Mwigizaji

Mchezo wa kuigiza kuhusu wanawake wa zamani, ukichezwa Kyela, hukutana na wakaguzi. Mama aliyelima mpunga tangu utotoni hasikilizi kwanza maneno ya mwigizaji, anamtazama anavyopeta. Ungo ukirushwa ovyo, pumba zikabaki palepale, kicheko kinaanzia kwa akina mama, na mchezo umeharibika kabla chifu hajaingia.

Ndiyo maana nawavulia kofia waigizaji wanaojifunza kazi kabla ya kukariri maneno. Atakayeigiza mfinyanzi wa jamii ya Wakisi, kwa mfano, aende kwanza Ikombe, au soko la Jumamosi la Lyulilo pale Matema, akae na wanawake wenye vyungu vyao hadi vidole vyake vizoee udongo.

Mwandishi wa tamthilia Penina Muhando alilijua hilo. Katika tamthilia yake Nguzo Mama (1982) hakuwaleta wanawake wa kijiji cha Patata jukwaani wahutubie. Aliwapa nguzo waisimamishe. Kila mmoja ana yake yanayomvuta nyumbani, mikono inaachia, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa. Wapo wanaolalamika kwamba ishara hiyo iko wazi mno. Mimi naona heri nguzo ya wazi kuliko hotuba iliyovalishwa vazi la mhusika.

Historia ya huku kwetu bado inangoja fundi wa namna hiyo. Mwaka 1887, ng'ambo ya mto Songwe, watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, waliwaua Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa. Zama hizo, kati ya ziwa Nyasa na Tanganyika, wanawake walitekwa na kuhamishwa kutoka mkono hadi mkono. Mmisionari wa Moravian, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika simulizi za baadhi yao. Marcia Wright alizichambua katika kitabu cha mwaka 1993.

Mmoja wao ni Narwimba. Mumewe alipofariki, alimwomba mrithi wa marehemu amchukue awe mkewe, apate wa kumlinda. Hapo mwigizaji goigoi atalia. Mimi ningependa kumwona akimnawisha mrithi mikono kabla ya chakula, maji yakitiririka kidogo kidogo, ombi likitoka kwa sauti ya mtu anayepatana bei. Mwongozaji atakayempa leso ya kufutia machozi pale amekwisha kulipoteza onyesho zima.