Kulabu za sukari na kapsuli ya Mbale
Ugonjwa wa selimundu mara nyingi hujitangaza vidoleni. Mtoto hajatimiza mwaka, mikono inavimba, vidole vinanenepa kama ndizi sukari, na ukimgusa tu anapiga yowe. Mama wa Busiu, Uganda, aliyembeba mwanawe, akingoja taksi ya Mbale kando ya barabara ya Tororo, anaona uvimbe. Ndani ya vidole hivyo mishipa imeziba, na zilizoanza kuiziba ni protini zinazoshika sukari.

Sukari hii si ya chai. Kila seli imevaa vazi la minyororo ya sukari, na ukuta wa ndani wa mshipa una protini ziitwazo selektini, zinazolishika vazi hilo kama kulabu. Penye jeraha huzipunguza mwendo chembe nyeupe ili zitoke zikapigane na vijidudu. Katika uboho wa mifupa kazi yao ni ya mwanzo zaidi: E-selektini huipokea seli shina, mama wa chembe zote za damu, na kuihimiza igawanyike. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kwa panya wasio na protini hiyo, seli shina hugawanyika polepole.

Kwa mwenye selimundu kulabu hizi huzidi kipimo. Mshipa uliokasirika hutoa P-selektini kwa wingi, chembe nyeupe zinanaswa, chembe nyekundu zilizopinda zinakwama nyuma yake, na njia inafungwa.

Dawa ya dripu iitwayo crizanlizumab ilitengenezwa kuifunika kulabu hiyo moja. Jaribio la watu 198 lililochapishwa mwaka 2017 lilileta matumaini: kwa dozi ya juu, wastani wa kati wa vipindi vya maumivu kwa mwaka ulikuwa 1.63, dhidi ya 2.98 kwa waliopewa dawa bandia. Jaribio kubwa lililofuata halikuonyesha faida hiyo, na mwaka 2023 Ulaya ikafuta kibali cha dawa hiyo.

Mbale ilipita njia nyingine. Pamoja na Kilifi, Kinshasa na Luanda, ilishiriki utafiti wa REACH, ambapo watoto 606 walimeza kapsuli za haidroksiyurea kila siku. Dozi ilianza chini, kwa kilo za mtoto, kisha ikapandishwa hadi pale uboho ulipoweza kustahimili. Dawa hii inafanya kazi kiwandani kwenyewe: inaurudisha uboho kwenye himoglobini ya kichanga, ambayo haipindishi chembe nyekundu, na inapunguza chembe nyeupe zinazonaswa. Nadhani hapo ndipo siri ilipo. Ukifunika kulabu moja, nyingine zinabaki. Ukipunguza vinavyonasika, zote zinakosa kazi.

Katika kila miaka 100 ya ufuatiliaji wa wagonjwa, maumivu yalishuka kutoka mara 98.3 hadi 44.6, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Malaria, iliyohofiwa kupanda, ilishuka kwa nusu. Kweli, watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya dawa, hapakuwa na kundi la dawa bandia. Lakini jaribio la dawa hiyo katika hospitali ya Mulago, lililokuwa na kundi hilo, halikuona malaria ikiongezeka.

Kapsuli hizi haziendi bila hesabu ya damu. Chembe nyeupe zikishuka mno, dawa husimamishwa mpaka zipande. Mtoto akiongeza kilo, dozi nayo inaongezwa. Kwa hiyo pamoja na dawa, mama wa Busiu anahitaji mizani na mashine ya kuhesabu damu mahali anapoweza kufika kila inapobidi, mwanawe mgongoni.