Kiti cha Mbele Remera, Mtazamaji Toronto

Tarehe 28 Mei 2022, US Monastir ya Tunisia iliichapa Petro de Luanda ya Angola 83 kwa 72 na kutwaa ubingwa wa ligi ya kikapu ya Afrika, BAL. Fainali ilipigwa BK Arena, Kigali, ukumbi wa watu wapatao 10,000. Wengine waliitazama kama waliokaa kando ya uwanja bila kukanyaga Rwanda: walivaa miwani ya uhalisia pepe wakaingia kupitia Horizon Venues, iliyokuwa programu ya Meta.

Mitambo yenyewe haikuwa ya kutisha. Picha ilikuwa ya nyuzi 180, nusu duara, na macho yote mawili yalipewa picha ileile. Data ya kurusha hupungua, ila kina cha picha hupotea. Mchezaji akiwa mbali hasara hiyo haionekani. Akija kudanki karibu na kamera, anakuwa bapa kama bango.

Kwa hiyo hisia zilitafutwa kwingine, kwenye umati. Ndani ya Horizon Venues watazamaji walikaa pamoja wakiwa na maumbo ya katuni, wakisikiana wanavyoguna na kushangilia. Kelele za jirani zilifanya kazi ambayo picha ilishindwa.

Wadhamini nao walinufaika hapo. Kwenye televisheni mwongozaji ndiye anayechagua: sasa kocha, sasa marudio, na nembo hupita kufumba na kufumbua. Aliyevaa miwani hakatiwi picha hivyo. Sakafu na mabango hubaki mbele yake kwa muda mrefu zaidi. Hata jina la ukumbi limenunuliwa: Mei hiyohiyo BK Group, kampuni mama ya Benki ya Kigali, ilikubali kutoa dola milioni 7 kwa miaka sita ili Kigali Arena iitwe BK Arena.

Matangazo hayapokelewi hivyo kila mahali. Mwaka mmoja kabla, Juni 2021, Meta, wakati huo ikiitwa Facebook, ilitangaza jaribio la kuweka matangazo ya biashara ndani ya Blaston, mchezo wa kulengana risasi ambao watu walikuwa wameulipia. Wachezaji walikuja juu, na baada ya siku chache tu watengenezaji wake, Resolution Games, wakajitoa. Wachezaji walikuwa na haki: tangazo huvunja ulimwengu uliobuniwa kwa uangalifu. Uwanja wa kikapu ni kinyume chake. Usipokuwa na mabango ndipo utakapotiliwa shaka.

Ila nani hasa alikuwa anatazama? Miwani ya Quest 2 ya Meta iliuzwa kuanzia dola 299, na wakati huo Meta haikuwa ikiiuza rasmi katika nchi yoyote ya Afrika. Kwa Visit Rwanda, chapa ya utalii ya nchi hiyo na mmoja wa wadhamini wa ligi, hiyo haikuwa hasara. Mteja wake ni mgeni anayeweza kulipa dola 1,500 kuwaona sokwe wa milimani, yuleyule aliyeanza kulengwa mwaka 2018 kupitia mkono wa jezi ya Arsenal.

Benki ya Kigali hesabu yake ni nyingine. Mtazamaji aliye mbali, tuseme Toronto, hafungui akaunti kwa kuona jina la ukumbi, labda awe Mnyarwanda anayetuma pesa nyumbani. Benki inawahitaji zaidi waliofika Remera, mtaa ulipo ukumbi huo, kwa pikipiki wakakata tiketi.