Namuwongo Hupiga Kura, Ikulu Huteua

Mkazi wa Namuwongo, katika Divisheni ya Makindye, humchagua diwani, meya wa divisheni na Meya Mkuu wa Kampala, Uganda. Lakini mfereji wa Nakivubo ukijaa taka na maji yakaingia vyumbani, au tingatinga likija kuvunja vibanda kando ya reli kama mwaka 2014, mwenye fungu na amri ya utendaji ni Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Jiji, KCCA. Huyo hapigiwi kura. Hupatikanaje?

Sheria ya KCCA ya mwaka 2010 inasema Rais humteua kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Umma. Mawaziri wana kizingiti kingine: Ibara ya 113 ya Katiba inataka Bunge liwaidhinishe, na kazi hiyo hufanywa na Kamati ya Uteuzi chini ya Spika. Kamati hukaa faraghani, lakini ina meno. Mwaka 2011 ilimkwamisha Nasser Sebaggala, meya wa zamani wa Kampala, asiwe waziri. Kwa mkurugenzi wa jiji, kizingiti ni tume tu, na wajumbe wa tume nao huteuliwa na Rais, kisha Bunge huwaidhinisha.

Mkurugenzi wa kwanza, Jennifer Musisi, aliteuliwa mwaka 2011 akitoka Mamlaka ya Mapato. Katika uchaguzi wa mwaka 2016 Rais Museveni alishindwa vibaya Kampala, akamteua Beti Kamya kuwa waziri wa jiji. Ofisi mbili za kuteuliwa na Rais zikakaa juu ya jiji moja, na Desemba 2018 Musisi akaondoka. Andrew Kitaka akakaimu kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Hapa ndipo penye siri ya mbinu ya kukaimisha: kaimu hahitaji kufukuzwa, inatosha kutothibitishwa. Mtu wa namna hiyo atathubutu vipi kubishana na aliye juu yake?

Juni 2020 Rais alimtaja mwanasheria Dorothy Kisaka kwa barua, pamoja na naibu wake. Taratibu za tume zikafuata. Jina likishatoka Ikulu, tume haishauri tena, inahakiki tu. Maneno ya sheria yamebaki yalivyo, mpangilio wa hatua umepinduliwa.

Gharama yake ilionekana Agosti 10, 2024, jaa la taka za jiji la Kiteezi lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Mkaguzi Mkuu wa Serikali akachunguza, na Septemba Rais akamfukuza Kisaka, naibu wake na mkurugenzi wa afya. Mkaguzi huyo alikuwa Beti Kamya yuleyule, naye mteule wa Rais. Aliyeteua ndiye aliyepokea ripoti na ndiye aliyehukumu. Baraza lililochaguliwa na wakazi halikuwa na neno la mwisho katika hatua hata moja.

Rais kuteua si kosa. Kosa ni kuteua bila wananchi kujua ni akina nani walioomba na kwa nini mmoja alipita. Dawa inajulikana: nafasi itangazwe, usaili ufanyike hadharani, tume ipeleke majina matatu kabla ya Ikulu kutamka lolote, na kukaimu kusizidi miezi sita. Wabunge wa Makindye wana haki ya kupeleka muswada wenye mapendekezo hayo bungeni. Wakija Namuwongo kuomba kura, waulizwe hilo kwanza.